Mto Usiopumua: Utambaji wa Mchana Katika Nyumba Moja ya Garsen

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba ngano hutambwa usiku. Vitabu vya kiada hulieleza jambo hili kana kwamba ni kanuni ya utanzu wenyewe, na aghalabu hutaja mwiko unaoambatana nalo, kwamba anayetamba mchana ataota pembe au mkia. Baada ya hapo huongezwa sentensi moja ya kueleza kuwa mwiko huo ulikusudiwa kulinda saa za kazi, kisha mwandishi hupita akaenda kwenye vitendawili. Sentensi hiyo inayopitwa ndiyo yenye uzito. Ikiwa mwiko ni mlinzi wa jembe, basi siku jembe linapokosa pa kulimia mlinzi naye hana zamu, na ngano yaweza kutoka mchana kweupe pasi na mtu kuota chochote. Linalostahili kuulizwa na mhakiki ni kazi gani inayofanywa na ngano hiyo ya mchana. Katika vijiji vilivyo kandokando ya Garsen, kwenye Mto Tana, swali hilo lina jibu lisilopatikana katika vitabu, kwa kuwa huko jembe hukosa pa kulimia kila mto unapofurika.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia katika safu ya Aberdare na Mlima Kenya, hushuka hadi Garissa, hupita katika nchi kavu, kisha huingia Garsen na delta yake kabla ya kumwagika baharini upande wa Kipini. Maji yanayofurika Garsen, kwa hiyo, si lazima yawe ya mvua ya Garsen. Mtu aweza kusimama juani ukingoni huku shamba lake likizama kwa mvua iliyonyesha Nyeri au Meru siku nyingi zilizopita. Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo hizi, walijenga kalenda yao yote juu ya ukweli huo. Mto ulijaa wakati wa masika na ukajaa tena wakati wa vuli. Ulipopungua uliacha tope, na tope hilo ndilo lililopandwa mpunga, mahindi na migomba. Jirani zao Waorma, ambao ni wafugaji, waliiondoa mifugo deltani wakati wa maji na kuirudisha wakati wa kiangazi. Katika nyumba inayozungumziwa hapa, bibi mwenye nyumba halitumii kabisa neno gharika, ambalo kwake ni neno la mahubiri na la redio. Yeye husema tu kwamba mto umekuja, kama vile mtu asemavyo kuwa shemeji amekuja.

Nyumba yenyewe ni ya fito na udongo, imeezekwa kwa makuti, na imesimama juu ya ukingo ulioinuka. Katika wiki ya mwisho ya Aprili 2024 walikuwamo watu saba: bibi huyo, mwanawe wa kiume, mke wa mwanawe, na watoto wanne, mkubwa wao msichana wa miaka kumi na mitano na mdogo wao mtoto mchanga. Ukutani, usawa wa goti, palikuwa bado na mstari wa tope ulioachwa na mafuriko ya Novemba 2023, yale yaliyoizamisha barabara ya Garsen kwenda Lamu na kuwaacha watu wa Lamu wakitafuta njia ya bahari. Mahindi ya vuli yalikuwa yameoza shambani. Miezi sita haijapita, mto ukaja tena. Baba, ambaye hulima na pia huendesha pikipiki ya abiria, aliipandisha pikipiki juu ya uchaga wa mahindi, ikakaa huko siku kumi na mbili kama kuku anayeatamia.

Redio iliwafungia watoto ndani kabla hata maji hayajafanya hivyo. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Zikaahirishwa hadi tarehe 6 Mei. Kisha zikaahirishwa bila kutajwa siku, na hatimaye zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Jumapili ya tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali paitwapo Kona Punda, karibu na Madogo, ilipinduka na watu kadhaa wakafa. Habari hiyo ilipofika, kila mtu ndani ya nyumba alipata sababu ya kubaki alipo. Jiko la makaa liliwekwa juu ya meza, mikeka ikakunjwa na kuanikwa kwenye boriti, na watu saba wakawa wanaishi juu ya vitanda viwili na jukwaa moja la mbao.

Siku ya pili ya kufungika huko bibi alianza kutamba, na ilikuwa saa nne asubuhi. Msichana mkubwa, ambaye ameyasoma hayo shuleni, alimkumbusha mwiko.

"Bibi, si ulituambia hadithi ni za usiku?"

"Usiku wa mkulima ni pale asipoweza kulima, mjukuu wangu. Hebu tazama nje. Waona mchana gani huko?"

Maneno yao yalikuwa ya Kipokomo, na hapa yametolewa kwa Kiswahili, jambo ambalo litakuwa na maana yake baadaye. Jibu la bibi ni nadharia kamili ya mwiko, tena ni bora kuliko ile sentensi moja ya vitabuni, kwa kuwa halisemi kwamba mwiko umevunjwa. Lasema kwamba usiku umefika mapema.

Ngano aliyoichagua ilikuwa ya Liyongo. Wasomaji wa jarida hili wanamjua Fumo Liyongo kupitia utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mnamo 1913, na wengi humhesabu kuwa shujaa wa Pate na Lamu. Ni rahisi kusahau kwamba mahali panaponasibishwa na kaburi lake ni Ozi, karibu na Kipini, yaani kwenye mdomo wa mto huuhuu, na kwamba Wapokomo nao wana masimulizi yao juu yake. Kwa watoto wa Garsen, Liyongo ni mtu wa huko chini mto unakokwenda. Na kisa alichokitwaa bibi kilikuwa kile cha kifungo: Liyongo yumo gerezani, mjakazi wake Saada anapeleka ujumbe kwa mama yake, mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, walinzi wanaudharau mkate wa wishwa na kuupitisha, na makelele ya ngoma ya gungu yanafunika sauti ya tupa inayokata minyororo. Hakuna haja ya kumtafutia mtambaji sababu ya kukichagua kisa hiki. Watu saba walikuwa wamefungika katika chumba kimoja, nao wakasimuliwa habari za mtu aliyefungika akatoka kwa akili ya mama na kwa ujinga wa walinzi.

Hata hivyo, lililo muhimu zaidi ni namna alivyoitamba. Nje ya mlango, mahali ambapo ukingo huanza kuteremka, palikuwa na kijiti kilichokatwa alama kwa kisu. Mvulana wa miaka tisa, ambaye bibi humwita mume wangu kwa utani wa kawaida wa babu na wajukuu, alikuwa na kazi ya kwenda kukitazama na kurudi na hesabu ya vidole. Bibi alitamba kutoka kipimo hadi kipimo. Alipomtuma mvulana, Saada aliondoka gerezani. Mvulana alipokuwa nje, Saada alikuwa njiani. Aliporudi na kusema vidole viwili, Saada alifika kwa mama. Kisha bibi alikiacha kisa akaingiza mafuriko ya 1961, ambayo aliyaona akiwa msichana wa miaka kumi hivi, akieleza maji yalipanda wapi, yalikaa muda gani, nani alihama na nani alibaki, na ng'ombe wa nani walikufa. Halafu akarudi gerezani. Msikilizaji asiyeuelewa muktadha angeona kwamba ajuza anapotea njia na kuchanganya mambo. Kumbe alikuwa akifanya hesabu. Kila kipimo cha kijiti kilikuwa kikilinganishwa na kipimo cha kumbukumbu, na Liyongo ndiye aliyewashika watoto wasitawanyike wakati hesabu hiyo ikifanyika.

Tangu Ruth Finnegan achapishe kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika mnamo 1970, wahakiki wamekubaliana kwamba utendaji ni sehemu ya maana, na kwamba kazi simulizi haiwezi kutenganishwa na fanani, hadhira na mahali. Lakini makubaliano hayo yamekuwa mepesi mno vinywani mwa watu. Muktadha hutajwa katika aya ya kwanza ya tasnifu, kisha ngano huchambuliwa kurasa mia mbili kama kwamba ilidondoka kutoka mbinguni ikiwa imeshachapwa. Kwa mhakiki wa namna hiyo, habari za 1961 zingekatwa na kutupwa kwa kuwa si sehemu ya kisa cha Liyongo. Katika nyumba hii, ni Liyongo ambaye angeweza kukatwa.

Siku ya nne watoto walichoka na ngano wakaomba vitendawili. Mvulana alitega chake mwenyewe: nimemwalika mgeni mmoja, amekuja na ukoo wake mzima. Dada yake akajibu kwamba ni mto, na yeye akakataa, akasema jibu ni nzige. Ukazuka ugomvi, na bibi akaamua kwamba yote mawili ni sawa, ila mto huacha kitu anapoondoka. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi huo ni uamuzi wa kuzingatiwa: jibu la kitendawili, ambalo hufundishwa kuwa ni moja na thabiti, lilipigiwa kura katikati ya chumba.

Jioni ya siku hiyo mama wa watoto alimbembeleza mtoto mchanga kwa bembea ya Kipokomo. Mvulana aliyekuwa amejilaza alisimama wima juu ya kitanda, mikono ubavuni, kichwa chake kikigusa makuti. Alipoulizwa ana nini, alisema kwamba huo ni wimbo wa taifa, na mwalimu anataka watu wasimame. Wakubwa wakacheka hadi mtoto mchanga akaamka. Mvulana hakuwa amekosea. Mwaka 1963, kamati iliyopewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa wa Kenya, ambayo walikuwamo Graham Hyslop, Thomas Kalume, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua lahani ya bembea ya Wapokomo iliyotolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Sauti ambayo mama wa Mto Tana humlazia mwanawe ndiyo ambayo taifa zima huisimamia. Katika mihadhara jambo hili hutajwa kama fahari, na ni fahari kweli. Lakini lina upande mwingine ambao bibi aliusema bila kukusudia kutoa hoja yoyote. Alisema kwamba walipouchukua wimbo hawakuurudisha, na sasa mwenye wimbo akimwimbia mtoto wake, mtoto anafikiri ameuazima shuleni.

Usiku huohuo ndipo baba na mama yake walipobishana, kwa sauti za chini, taa ya koroboi ikiwa imepunguzwa.

"Mama, wanasema mabwawa ya juu yamejaa na yanamwaga. Watu wa kingoni wahame. Tunangoja nini?"

"Ni nani wanaosema?"

"Serikali, Mama. Redioni."

"Na huo mwembe wetu, serikali imeuona?"

Mwembe huo ndio uliokuwa kipimo chake. Mnamo 1961 maji yalifika kwenye shina lake yakasimama. Mnamo 1997, katika mafuriko ya El Nino, yalifika tena hapo, yakakaa, yakaondoka. Kwake yeye mwembe ulikuwa hati, na hati hiyo ilikuwa imethibitishwa mara mbili. Mwanawe hakuwa na hati kama hiyo. Alikuwa na redio, na alikuwa na watoto wanne.

Ni rahisi kuyasoma mabishano haya kama mgongano wa ukale na usasa, dhamira ambayo riwaya ya Kiswahili imeichosha kwa muda mrefu, na msomaji aliyeizoea atakuwa ameshaamua nani atakayeshinda. Usomaji huo haufai hapa. Bibi hakuwa akitetea mila dhidi ya sayansi. Alikuwa na maarifa yaliyokusanywa juu ya mto fulani, na swali lilikuwa iwapo mto huo bado upo. Bwawa la Kindaruma lilimalizika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mafuriko aliyoyaona utotoni yalishuka kutoka mlimani bila kuulizwa na mtu. Baada ya Masinga, mafuriko ya kawaida ya masika, yale ambayo mkulima wa mpunga aliyataka, yalipungua. Makubwa hayakuzuilika, kama ilivyoonekana 1997, maji yalipoubomoa pia mradi wa umwagiliaji wa mpunga uliokuwa umejengwa deltani katika muongo huohuo. Mashamba ya kingoni, kwa hiyo, yamenyimwa tope la kila mwaka na bado yanaletewa maji ya kuzamisha nyumba. Kwa lugha ya wahakiki, matini imehaririwa huko juu, na msomaji wa huku chini hakuarifiwa.

Kijiti ndicho kilichomwarifu. Asubuhi ya siku ya saba mvulana alirudi akasema vidole vitatu. Adhuhuri, vidole vitatu. Jioni, vitatu tena. Usiku bibi alimwamsha baba akakitazame kwa tochi, na vilikuwa vitatu. Siku ya nane ikawa vivyo hivyo. Mto anaoujua yeye huja kwa pumzi: hupanda, husita, hurudi nyuma kidogo, kisha hupanda tena, kwa kuwa mvua ya mlimani nayo hunyesha na kukoma. Maji yanayopita juu ya bwawa lililojaa hayana tabia hiyo. Bwawa huyalainisha mawimbi ya mvua, likayatoa kwa kipimo kirefu kisicho na kituo. Bibi hakueleza mambo ya mabwawa. Aliacha kisa cha Liyongo mahali mkate ulipokuwa mikononi mwa walinzi, akanyamaza kitambo, kisha akamwita mwanawe.

"Mwanangu, mto huu haupumui."

"Mama?"

"Haupumui. Sikuwahi kuuona. Mwambie mkeo afunge vitu."

Mwembe ulikuwa bado mkavu. Maji yalikuwa bado mbali na shina kwa urefu wa mtu mzima. Kwa hati yake mwenyewe alipaswa kungoja, na kwa hati hiyohiyo angeshinda ubishi. Inafaa mhakiki akumbuke jambo hili kila anapoandika kwamba fasihi simulizi huhifadhi. Huhifadhi, naam, lakini siku hiyo mhifadhi aliyatumia aliyoyahifadhi kutambua kwamba hayatoshi. Redio haikumshawishi, kwa kuwa redio ilikuwa ikisema na watu wa kingo zote za nchi kwa sentensi moja. Yaliyomshawishi ni mapokeo yake mwenyewe, yalipokosa kuutambua mto uliokuwa mbele yake.

Walitoka alfajiri kwa mtumbwi wa jirani, kwa safari mbili. Pikipiki ilibaki juu ya uchaga. Bibi alikaa mbele, kinu cha nyumba kikiwa katikati ya miguu yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni kizito.

Kambi ilikuwa kwenye mwinuko nje ya mji, mahema ya turubai yaliyopangwa kwa safu, na mahema yale hayakuuliza kabila. Si jambo dogo katika nchi hii. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma hapahapa deltani, kwa ajili ya malisho, mashamba na njia za kwendea mtoni. Nyumba ya bibi ilipoteza mtu katika miezi hiyo. Hema la upande wa kushoto lilikuwa la familia ya Waorma, ambayo nayo haikuwa imekosa wa kumlilia. Kwa siku mbili za mwanzo kina mama walisalimiana kwenye foleni ya maji, basi.

Watoto walimwomba bibi amalizie kisa. Alikataa. Alisema kwamba ni mchana na watu wako kazini, akaionyesha foleni ya maji na ile ya unga. Mwiko ulikuwa umerudi, kwa sababu kazi ilikuwa imerudi, hata kama ilikuwa kazi ya kusimama na ndoo.

Usiku ulipoingia alikuwa amelala, hivyo msichana mkubwa ndiye aliyekaa juu ya kinu kilichogeuzwa akaanza. Alianza kwa Kipokomo. Watoto watatu wa hema la kushoto walikuja wakasimama gizani, hatua chache kutoka kwenye mkeka, nao hawakuwa wakielewa. Msichana akakatiza, akaanza upya kwa Kiswahili cha shule, kile ambacho mwalimu hukisahihisha kwa kalamu nyekundu, na wale watatu wakakaribia, wakakaa.

Liyongo alikuwa gerezani. Saada akaenda kwa mama. Ila katika utambaji huu mama hakuoka mkate wa wishwa. Alikwenda akapanga foleni, akapewa mfuko wa unga wa msaada, akaificha tupa ndani ya unga, na walinzi walipoutazama mfuko wakaona maandishi yaliyochapwa ubavuni, wakadhani umeshakaguliwa, wakaupitisha. Mtoto mmoja wa Kiorma aliuliza kama tupa haikutoboa mfuko. Msichana alifikiri kidogo, akasema kwamba mama aliizungushia kitambaa.

Ndani ya hema, nyuma ya turubai, bibi alikuwa ameamka. Alikohoa mara moja. Hakusahihisha kitu.